KAKA: hapa ni ndugu, pale ni biskuti, kwingine usilitaje mezani

Msafiri Kapu (mwenye uzi)

Wakuu salaam.

Jana nimechekesha watu kazini bila kukusudia. Nipo Göteborg, Uswidi, mwezi wa nne sasa, kazi yangu ni ghalani. Wenyeji wana desturi ya kuacha kazi mara mbili kwa siku wakanywe kahawa pamoja, wenyewe wanaita fika, na hiyo haina mjadala. Hata lori likiwa limeshafungua milango, litasubiri. Basi tumekaa. Mama mmoja mtu mzima, mpole sana, akanisogezea sahani: "Vill du ha en kaka?"

Kiswidi changu bado ni cha kuombea maji. Nilinasa "unataka", nikanasa "kaka". Nikamjibu kwa uchangamfu wote, kwa Kiswidi hichohicho cha kuungaunga, kwamba asante, ninao watatu, wawili wapo Tanga na mmoja Dodoma, wananitosha.

Mama wa watu akaangalia sahani. Akaniangalia mimi. Akairudia sahani.

Kumbe kwao kaka ni biskuti, au keki ndogo kavu. Moja ni kaka, zikiwa nyingi ni kakor. Wakati nahangaika kujieleza, jamaa wa Chile aliyekaa mbele yangu ameshapaliwa na kahawa, maana kwa Kihispania hilo ndilo neno la mtoto aliyejichafua. Yaani tangu aanze kazi hapa anasikia watu wazima wanakaribishana mavi kwa adabu zote, na sasa amekuja mwingine anasema anayo matatu nyumbani. Tulipotoka, Mkurdi mmoja wa Iraq anayeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo akanishika bega akaniambia, "Kaka, mimi nimekuelewa." Na kweli alinielewa. Kikurdi kaka ni ndugu mkubwa wa kiume, vilevile kama kwetu.

Meza moja, watu wanne, neno moja. Usingizi wenyewe ulikata, nikakaa na simu mpaka saa nane usiku nafukua. Nitaweka nilichopata kidogo kidogo, na nyinyi leteni vya kwenu. Swali langu ni hili: haya maneno yana udugu, au yamegongana tu njiani?

Kigoda cha Mbele

"Wananitosha" hahahaa. Nimeshakaa, msinizibie.

Chimbuko Letu

Mkuu, jibu ni jepesi ila watu hawapendi kulisikia. Kiswahili ni lugha ya wasafiri. Majahazi yetu yamefika mbali kuliko tunavyofundishwa. Wakurdi wamechukua kwetu, Wahindi wamechukua kwetu. Hata hao Waswidi, ukichunguza, kuna baharia wetu aliwagawia biskuti, wakamshukuru "kaka", jina likabaki kwenye biskuti.

Fundi Redio

Hiyo ya mwisho umeitunga umesimama kituoni.

Msafiri Kapu

Chimbuko, ningependa sana iwe hivyo. Lakini ya Waswidi njia yake inajulikana, na ndiyo iliyoninyima usingizi kuliko zote.

Waskandinavia wa kale, wale waliokwenda kuvamia na baadaye kulowea Uingereza, mkate mdogo bapa waliuita kaka. Waswidi na watu wa Iceland wanao mpaka leo hivyohivyo. Waingereza wakalipokea, na kufikia karne ya 13 limo kwenye maandishi yao. Kinywani mwao likabadilika taratibu: irabu ya mwisho ikadondoka, ya katikati ikapanda juu, likawa "cake". Kisha Waingereza wakaja kwetu na birika na sahani, sisi tukalisikia, na kwa kuwa neno letu halipendi kuishia na konsonanti tukalitia mkia. Keki.

Mnaona ilipofikia? Ile kaka ya mama yule na kaka yangu wa Tanga hawana hata tone la damu. Lakini ile kaka na keki ya harusi ya kaka wa Tanga ni babu na mjukuu. Na mimi nimekula keki maisha yangu yote bila kumjua babu yake.

Wajerumani nao walichukua kwa Waingereza, ila wao walibeba neno likiwa na alama ya wingi mgongoni, "cakes", wakadhani ni moja. Kwao biskuti ni Keks. Ni kama mtu asikie "mayai" aende kwao aseme "mayai moja".

Kigoda cha Mbele

Mbona hata huku wapo wanaosema mayai moja.

Mwana wa Upanga

Ngoja niwape ya Dar. Nimekulia Upanga, ghorofa yetu nusu Wahindi, wengi Wagujarati. Nilikuwa na miaka saba hivi. Tumekaa kwenye ngazi na rafiki yangu tunacheza kadi, teksi ikasimama, akashuka mwanamume mmoja ana sharubu nene, shati la mikono mifupi, sanduku kubwa limefungwa kamba. Rafiki yangu akatupa kadi akakimbia: "Mama! Mama!" Akamrukia, akabebwa juu juu. Mimi nimebaki na kadi zangu mkononi namtazama yule mama mwenye sharubu.

Kigujarati mama ni mjomba. Kaka yake mama. Na haikuishia hapo. Mzee wao aliyekuwa anakaa barazani na gazeti, wajukuu wanamwita dada, maana dada ni babu mzaa baba. Na mwenye duka la vitambaa pale chini, mdogo wake baba yao, ndiye kaka. Yaani kaka, dada na mama, wote watatu wanaume, na mmoja kati yao hana meno.

Kihindi nacho ni hivyohivyo. Ukivuka kwenda kwa Wabengali, dada anageuka tena kuwa kaka: ni ndugu mkubwa wa kiume.

Kigoda cha Mbele

Dada anageuka kuwa kaka. Naomba nipumzike kidogo.

Mutu wa Lushi

Jambo yenu bote. Miye niko mutu wa Lubumbashi. Huku kwetu ndugu mukubwa tunamuitaka yaya, akuwe mwanaume ao mwanamuke. Lakini mu Lingala "kaka" iko, na haina ndugu hata kidogo. Ni kusema "tu". "Yo kaka", ni weye tu. "Nzambe kaka", ni Mungu tu.

Fundi Redio

WEWE! Subiri kwanza.

Mimi ni fundi wa redio na spika, Mwanza, miaka ishirini na zaidi nasikiliza rumba kuliko ninavyosikiliza wateja. Siku zote naamini wale waimbaji wanalalamika kwa kaka zao. Mtu anaimba "nalingi kaka yo", nami nachomelea waya huku namwonea huruma, nasema huyu kaka yake amemkosea nini jamani, mbona kila wimbo. Kumbe "nakupenda wewe tu"!

Nina wimbo mmoja humu dukani "kaka" inatajwa labda mara kumi na tano. Leo nimeusikiliza upya. Ni wimbo mwingine kabisa. Nilikuwa naupigia watu msibani.

Mutu wa Lushi

Hahaha pole sana fundi. Ule uweke ku ndoa.

Chimbuko Letu

Lingala ni Kibantu, Kiswahili ni Kibantu. Sasa mnakataa nini? Neno ni lilelile, limepinda maana tu.

Msafiri Kapu

Kupinda maana kupo, ila ukoo wa maneno hautafutwi kwa kuangalia sura. Lugha mbili zikiwa za ukoo mmoja, sauti zake zinafuatana kwa mpangilio, neno baada ya neno, na maana ziwe na daraja. Kutoka "ndugu mkubwa" kwenda "tu" daraja liko wapi? Ukikosa daraja ukajenga la miti ya kuokota, utaunganisha chochote na chochote.

Nikupe kisa kimoja ambacho wanaisimu hukipenda. Kaskazini mwa Queensland, Australia, kulikuwa na lugha ya wenyeji wa pale inaitwa Mbabaram. Robert Dixon, mwanaisimu, alimtafuta mzee mmoja katika wasemaji wake wa mwisho miaka ya 1960, akaanza kumwuliza maneno. Mbwa mnamwitaje? Mzee akajibu: dog. Sawasawa na Kiingereza, sauti na maana. Mtu yeyote angesema amelipata kwa wazungu. Lakini lugha ya jirani, Yidiny, mbwa ni gudaga, na Mbabaram ilikuwa na tabia ya kuangusha silabi za mwanzo za maneno yake, na irabu zake zikabadilika kwa kufuata konsonanti iliyotangulia. Gudaga ikaanguka kichwa, ikakatika mkia, ikabaki dog. Imefika hapo kwa miguu yake, bila kukutana na Mwingereza.

Basi kama maneno mawili yanaweza kufanana sauti na maana na bado yasiwe na udugu, hii kaka ya rumba ambayo hata maana haifanani tunaing'ang'ania ya nini?

Chimbuko Letu

Naendelea kusoma.

Bi Mwalimu wa Vuga

Assalaam alaykum. Nimesomesha Kiswahili Unguja zaidi ya miaka thalathini, na nawashangaa: mmekwenda Australia na Uswidi, na kaka ya jikoni kwenu hamjaitaja.

Ukishavunja yai ukamimina kilichomo, lile ganda tupu lililobaki mkononi ni kaka. Kaka la yai. Tulipokuwa wadogo mama alikuwa akitutuma: "Kayatupe makaka hayo, yasije yakakanyagwa." Na embe ukishalifyonza mpaka kwisha, ganda lake ni kaka. Neno hili wala si ndugu wa yule kaka wa nyumbani, na sarufi yenyewe inawatenga: kaka yangu ameanguka, kaka la yai limeanguka. Mmoja anafuatana na watu, mwengine na vitu. Mtoto wa miaka mine wa kwetu hakosei.

Msafiri Kapu

Shikamoo mwalimu. Hiyo sikuwa nayo kabisa, kwetu tunasema ganda basi.

Bi Mwalimu wa Vuga

Marahaba mwanangu. Sasa kuhusu kaka wa nyumbani.

Kiswahili cha zamani cha pwani kilikuwa na umbu. Mwanamume humwita ndugu yake wa kike umbu, na mwanamke humwita ndugu yake wa kiume umbu. Kilichotazamwa si mwanamume au mwanamke peke yake, bali kwamba jinsia zenu zimepishana. Wa jinsia yako ni ndugu tu, mkubwa wako au mdogo wako. Mpangilio huu unakutana nao katika lugha nyingi za Kibantu. Basi ndani ya nyumba iliyokwisha kupangwa hivyo, kaka na dada wanaonekana kama wageni walioingia baadaye wakapewa chumba kikubwa, umbu akahamishiwa kwenye mashairi.

Wapo wanaowapeleka wageni hawa Uajemi. Mimi nami nimeelemea huko, na sababu yangu si kwamba kaka ya Kiajemi inafanana na yetu. Huyo Mkurdi wako anafanana, na lugha yake ni jamaa ya Kiajemi, kwa hiyo yeye tumhesabu shahidi mmoja na Mwajemi. Sababu yangu ni kwamba wamekuja wawili wameshikana mikono. Kiajemi kina kaka kwa ndugu mkubwa, Shiraz ndiko linakosikika zaidi, na kina dada, yaani mwanamke mtu mzima anayelea watoto. Neno moja likifanana unaweza kusema bahati. Jozi nzima ikifanana, na katikati pana bahari ambayo watu wameivuka kwa pepo za kaskazi na kusi kwa zaidi ya miaka elfu, hapo inabidi utulie uangalie. Njia hiyohiyo imetuletea bandari. Imetuletea darubini, ambayo kwa Kiajemi dur ni mbali na bin ni kuona. Imetuletea serikali.

Na pana jambo jengine, si la kuchekesha. Katika nyumba za matajiri wa Uajemi karne ya 19 walikuwamo watumwa wa Kiafrika, na waliopelekwa kutoka pwani yetu hii ni wengi. Wanaume waliitwa kaka siyah, wanawake dada siyah. Siyah ni nyeusi. Kaka mweusi, dada mweusi. Mtoto wa tajiri alilelewa na dada huyo, akabebwa mgongoni na kaka huyo, akawaita majina ya udugu, na asubuhi wakiuzwa wanauzwa. Mimi neno hili nikilisikia kwa watoto wangu wakiitana ukumbini, mara nyingine hulikumbuka hilo.

Fundi Redio

Mwalimu, umenitoa kwenye kicheko ukanikalisha chini.

Mwana wa Upanga

Mwalimu, na kaka ya Kigujarati je? Hiyo nayo ya Uajemi? Kule nako Kiajemi kilitawala muda mrefu.

Bi Mwalimu wa Vuga

Dari ya Afghanistan, ambayo ni Kiajemi, kaka ni baba mdogo au baba mkubwa, ndugu wa kiume wa baba. Kwa hivyo Wagujarati na Waafghani wako pamoja kwenye maana, sisi na watu wa mji wa Shiraz pamoja. Lakini usiende mbio. Maneno ya kuitana nyumbani ni mashahidi wabaya sana, wanakubaliana bila kukutana. Mwenye mtoto mchanga humu atueleze.

Mama Pacha

Ninao wawili wa miezi tisa, nieleze mimi.

Wakianza kuita hawaiti mtu, wanajaribu mdomo. Kwanza midomo miwili inafunga na kufunguka, mamama, bababa, papapa. Halafu ulimi ukishajua meno ya mbele, dadada, tatata. Ya nyuma kooni ndiyo kakaka. Na wanarudiarudia kwa sababu wakishaweka mdomo mahali wanaona tabu kuuhamisha. Kulwa akipiga "dada" saa kumi usiku, dada yake mkubwa anaamka anasema "ananiita!" Hakuiti mama, lala.

Kuna msomi mmoja, Roman Jakobson, mzaliwa wa Moscow, aliandika juu ya jambo hili. Kwamba mtoto akinyonya mdomo umeziba, akitaka kulalamika sauti inapita puani, inatoka "mmm". Baadaye akiwa na njaa analalamika kwa sauti hiyohiyo. Sasa anayekuja ukilia "mmm" ni nani? Basi mama anasema: huyo ameniita mimi. Watu wazima ndio wanaogawa maana, mtoto anatoa sauti tu.

Ndiyo maana inaweza kugawiwa kinyume. Wageorgia, wale wa milima ya Kaukasi, kwao mama ni baba. Kabisa. Na mama mzazi ni deda. Mume wangu nilipomsomea akasema atahamia huko angalau aitwe wa kwanza.

Msafiri Kapu

Mama Pacha, umefungua mlango wote. Sasa angalieni hii orodha ya kaka niliyoikuta nikaona haiwezekani ikawa ya bahari moja: Kimalei kakak ni ndugu mkubwa, siku hizi Malaysia zaidi wa kike, na lugha za visiwani kule zina kaka ya namna hiyo tangu zamani sana. Kihausa, Nigeria na Niger, kaka ni babu au bibi.

Aliyesoma Kano

Nithibitishe: ni kweli, na kuna kaka nyingine ya Kihausa, toni zinatofautiana, ambayo ni majira ya mavuno, mvua ikishakata. Mwaka wa kwanza nilimwambia mwenye nyumba wangu nimekuja kumsalimia mavuno yake. Alinisamehe.

Mkiga wa Kabale

Kwetu kaaka ni bibi. Tena ukimvuta irabu ndiyo heshima yenyewe.

Msafiri Kapu

Basi hapo. Kaka ndugu, kaka ami, kaka babu, kaka bibi. Ukiangalia wote ni mtu wa karibu aliyekuzidi umri, anayekaa karibu na kitanda cha mtoto. Kwa hiyo mwalimu kanionya vizuri: kufanana hapo hakuthibitishi kitu, ndiyo maana jozi ya kaka na dada ina uzito kuliko kaka peke yake.

Na ile ya yule jamaa wa Chile? Ni tawi la mti huohuo wa kitoto, ila lilimea upande wa chooni. Kilatini cacare, Kifaransa caca, Kirusi, Kituruki, Kihangari, zote humohumo. Kifini ndiyo ya kuogopa: keki ni kakku, waliyoichukua kwa Waswidi, na kinyesi cha mtoto ni kakka. Irabu moja tu ya mwisho. Mgeni anakwenda dukani kumwagizia mtoto wake ya siku ya kuzaliwa, mungu amsaidie.

Kigoda cha Mbele

Na Kaka wa Brazili? Yule wa Milan, mchezaji bora wa dunia 2007. Alikuwa anaitwa ndugu au anaitwa hiyo nyingine?

Msafiri Kapu

Hapo nimecheka. Jina lake Ricardo. Mdogo wake alipokuwa mtoto alishindwa kulitamka, likamtoka "Kaká", mkazo ukiwa mwishoni. Yaani amepewa na ndugu mdogo, akimwita ndugu mkubwa, na kwa bahati tu likatua palepale kwetu. Watangazaji wetu walikuwa wanasema "Kaka anapiga!" na kila mtu nyumbani anaona sawa.

Mwana wa Upanga

Ndege mmemsahau. Kisanskriti kaka ni kunguru. Kitamil, ambayo haina undugu wowote na Kisanskriti, kunguru ni kaakkaa. Hapo hakuna aliyemwibia mwenzake, wote wamemsikiliza kunguru mwenyewe.

Bi Mwalimu wa Vuga

Na kunguru huyohuyo wa Kihindi, mwenye shingo ya kijivu, tunaye. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, alipoonekana anafaa kula taka. Kala taka, kisha kala vifaranga, mayai ya ndege wengine na samaki wa kuanikwa, kisha akavuka kwenda bara. Jina lake la kwao hakuja nalo. Huku mbaazi zimeanikwa, nikimwona juu ya paa namwita majina mengine.

Msafiri Kapu

Wamaori wa New Zealand nao wana kākā, kasuku wa msituni, ana kelele sana, jina ni kelele zake. Usiku kwao ni pō, hivyo kasuku wa usiku ni kākāpō. Huyo ni mnene, rangi ya majani, haruki kabisa, anapanda mti kwa miguu. Wamebaki chini ya 300 dunia nzima na kila mmoja amepewa jina lake. Kaka mwenye kitambulisho.

Chimbuko Letu

Naona kakakuona naye mnamwacha makusudi. Kaka, kuona. Jina linajieleza: kaka alimwona wa kwanza.

Fundi Redio

Chimbuko nenda kalale.

Mlima Chai

Japani nao wana kakaa, neno la mtaani la "mke wangu", si la kumwambia mke wa bosi. Mkoa wa Gunma una msemo, kakaa denka, nyumba ambayo mke ndiye mfalme. Ulikuwa mkoa wa hariri, wanawake walilea viwavi, wakasokota uzi, wakafuma, hela ya nyumba ikawa inaingia kwa mikono yao. Waume wakawa wanajisifu: kakaa wangu hana mfano.

Mama Pacha

Huyo ndiye kaka ninayemtaka mimi.

Chimbuko Letu

Sawa, nimesoma yote. Nimekubali Mbabaram. Nimekubali keki, japo imeniuma, maana nilikuwa na hoja nzuri ya biskuti. Ila swali: mkisema kaka na dada wameingia kutoka Uajemi, basi si vyetu?

Bi Mwalimu wa Vuga

Sema "kakangu". Sema "kakako". "Kakaye." Mwajemi hawezi. Neno ambalo limeshakubali kuvunjwa likaunganishwa na "-ngu" na "-ko" na "-ye", kama "nduguye" na "mwenzako", limekwisha kula chumvi ya nyumba. Bandari ni yetu. Serikali ni yetu, ingawa hiyo mara nyingine tungependa kuirudisha.

Kigoda cha Mbele

Mwalimu!! Hahahaa.

Msafiri Kapu

Narudi na taarifa ya leo, kisha nalala, nina zamu ya alfajiri.

Jana kwenye fika nilimtafuta yule mama. Nimemweleza kwa Kiswidi changu, na karatasi nimechora: kaka yao, mshale kwenda Uingereza, mshale kwenda Tanga, keki. Alikaa nayo muda. Akauliza kama anaweza kuichukua. Kesho yake, yaani leo, sahani imekuja na aina tatu badala ya moja, akanihesabia kwa kidole: mmoja Dodoma, wawili Tanga. Jamaa wa Chile akaondoka mezani kabla hajapaliwa.

Na sasa hivi nafungua tovuti ya kulipia kodi ya chumba. Wenzenu mnaona "vidakuzi", mimi huku kioo kizima kimeandikwa kama nakubali kakor zote. Palepale simu inaita, ni kaka wa Tanga, mwisho wa mwezi, ada ya mtoto. Zile nimezikataa. Huyu ngoja nimpokee.